Mtu wa Nyuma

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Ukunda imeshaamka zamani. Makanga wa matatu za Likoni wanaita abiria, boda zinapiga honi hata pasipo na mtu wa kupigiwa, na mamangu mdogo yuko kwenye kibanda chake, pale barabara ya Diani inapoachana na barabara kuu ya Likoni kwenda Lungalunga, anakaanga mahamri. Ameuza mahamri na mbaazi kwenye kona hiyo miaka 11. Anajua nani hulipa, nani hukopa, na nani hukopa akijifanya amelipa.

Asubuhi ninayoisimulia, trela yenye kontena ya futi 40 ilitoka upande wa Likoni ikakata kushoto kuelekea baharini. Kuna hoteli ilikuwa inajengwa kule, pengine ilibeba vigae. Kichwa cha trela kilipita vizuri kabisa, kikaacha nafasi ya mtu kupita na mkokoteni. Mamangu mdogo alikitazama kikipita, akarudisha macho kwenye karai. Ndipo mkia ukaja. Tairi la mwisho lilipanda ukingo wa barabara, likagonga mguu wa meza, karai likapinduka na mafuta ya moto yakamwagika upande wa lami. Mteja mmoja aliwahi kumvuta kwa kanga. Mungu bariki, hakuna aliyeungua.

Dere alishuka mbio, uso umemparama. "Mama, wallahi sikukuona."

"Najua hukuniona," mamangu mdogo akamjibu. "Nakuuliza, mtu wako wa nyuma yuko wapi?"

Hakuwa naye. Alikuwa peke yake na vioo vyake. Alitoa shilingi 2,000, hela ambayo haikutosha meza, sembuse karai na unga. Askari waliokuja baadaye wakasema kibanda chenyewe kiko kwenye hifadhi ya barabara, kwa hivyo na yeye ana makosa. Mambo yakaishia hapo. Lakini lile swali halikuisha. Nimekaa nalo miezi kadhaa, nikiuliza wazee na kusoma, na nimegundua kwamba ni swali la zamani sana kwenye pwani hii. Ni la zamani kuliko lami, na ni la zamani kuliko injini.

Tuanze na kona yenyewe. Wengi wetu tunadhani kinachovutwa hufuata kinachovuta. Kichwa kikipita salama, mkia nao utapita palepale. Sivyo. Gari likikata kona, magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi kuliko ya mbele. Hata Probox hufanya hivyo, ila kwa kiasi kidogo usichokiona. Ukifunga trela nyuma, kiasi hicho hukua, na hukua kwa namna ya kushtua.

Chukua ile hesabu ya Pythagoras tuliyoilaani darasani. Tuseme pini, yaani mahali trela inaposhikana na gari, inazunguka duara lenye nusu kipenyo cha mita 10. Trela ikiwa na mita 4 kutoka kwenye pini hadi kwenye ekseli yake, ekseli hiyo itazunguka duara la mita 9 na kidogo. Imekata ndani kama sentimita 80. Sasa iwe trela ya mita 8. Urefu umezidi mara mbili tu, lakini ekseli itazunguka duara la mita 6. Imekata ndani mita 4 nzima. Mita 4 ni kibanda, meza, benchi la wateja na boda mbili zilizoegeshwa. Kweli, kona ya kawaida huisha kabla trela haijafikia kiwango hicho chote, na dere mzuri huanza kwa kupanuka upande wa pili. Lakini elekeo ni lilelile: kadiri mkia unavyorefuka, ndivyo unavyokula upande wa ndani wa kona.

Ongeza jambo moja. Kwetu Kenya usukani uko kulia. Kona ya Likoni kuingia Diani ni ya kushoto. Upande unaoliwa na mkia ndio upande ulio mbali kabisa na macho ya dere. Na kichwa kikishajikunja, kioo cha kushoto humwonyesha ubavu wa kontena tu. Aliposema hakuona, alisema kweli. Kona ile haikuumbwa ionekane na mtu mmoja.

Kabla ya magurudumu, pwani hii ilijua misafara mirefu kuliko trela yoyote. Kutoka Vanga, mpakani, na kutoka Pangani na Bagamoyo, watu walipanga mstari wakaingia bara, mamia kwa mamia, kila mpagazi na mzigo wa karibu kilo 30 kichwani au begani. Wazungu waliouona mstari huo waliuita karavani, neno lenye asili ya Kiajemi. Neno hilohilo baadaye Waingereza walilipachika nyumba ndogo inayovutwa na gari. Lakini msafara wa watu ulikuwa na sifa moja ambayo karavani ya magurudumu haina: haukati kona. Njia ilikuwa na upana wa unyayo. Wa mbele akizunguka mbuyu, wa pili anazunguka palepale, wa mia tatu anazunguka palepale. Mkia ulifuata kichwa kwa sababu mkia ulikuwa na macho.

Na bado, hata msafara huo ulikuwa na mtu wa nyuma. Mbele alitembea kirangozi, mwenye bendera. Nyuma walitembea wanyapara, kazi yao ikiwa kuangalia nani ameanguka, nani ametoroka, mzigo gani umebaki chini ya mti. Wakubwa wa msafara walijua kwamba anayeongoza mbele hawezi kuona yanayotokea nyuma. Hilo lilieleweka miaka 150 iliyopita bila kamera.

Kwa nini tulibeba kwa vichwa badala ya magari ya ng'ombe? Si kwamba hakuna aliyefikiria gurudumu. Ni mbung'o. Yule mdudu aliua ng'ombe na farasi kwenye ukanda mkubwa kati ya pwani na bara, na hapa kwetu Shimba Hills bado wafugaji wanamjua. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alijaribu kupitisha ng'ombe kutoka Saadani, ng'ambo ya Unguja, hadi Mpwapwa, akafaulu, akaandika kwa furaha kwamba inawezekana. Mwaka uliofuata wenzake wakaja na magari kamili ya maksai. Mbung'o akawala wale maksai, magari yakakwama, na mizigo ikarudi vichwani mwa watu.

Hata hivyo gari la maksai halikukata tamaa. Katika miaka ya 1890, njia ya magari ya ng'ombe ilichongwa kutoka Mombasa kuelekea Busia, ile iliyoitwa barabara ya Mackinnon–Sclater. Mwaka 1908 makaburu walioshuka Mombasa kutoka Afrika Kusini walipanda treni hadi Nakuru, kisha wakafunga maksai kwenye magari yao na kupanda hadi Uasin Gishu.

Gari la aina hiyo huvutwa na maksai 14 au 16, wawili wawili. Ndilo trela la kwanza refu kwenye ardhi hii, na lilikuwa na tabia ileile ya trela ya leo. Maksai wa mbele wakigeuka mapema, mnyororo unajinyoosha kukata kona, gari linavutwa ndani na kugonga mti au kuporomoka bondeni. Kwa hiyo mwenye mjeledi hakutosha. Alihitajika mtu wa pili wa kushika kamba ya maksai wa mbele, awaongoze kwa miguu wapanuke kwanza ndipo wageuke. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mtoto. Vitabu vya walowezi vimejaa majina ya wenye magari. Mtoto aliyeshika kamba huitwa tu "toto".

Mkumbuke huyo toto. Tutakutana naye tena.

Mjomba wangu, kaka yake mamangu mdogo, alikuwa yeye. Si wa maksai, wa miwa. Miaka ya 1970 alipata kibarua kwenye mashamba ya Ramisi, kusini ya Msambweni, wakati kiwanda cha sukari kilikuwa ndicho uhai wa upande ule wa Kwale. Trekta lilivuta trela moja, wakati mwingine mbili zilizofungana, miwa imejazwa hadi inaning'inia. Dereva alikaa juu ya trekta. Mjomba alitembea nyuma.

"Kazi yangu ilikuwa kelele," aliniambia, akacheka. Alitembea upande wa ndani wa kona, mkono juu. Mkono ukiwa wazi, njoo. Mkono ukifungwa, simama. Kelele ilikuwa ya watoto, kwa sababu watoto walikimbilia trela kuchomoa miwa, na walikimbilia upande wa ndani hasa, pale trela inapopunguza mwendo na kusogea karibu nao. Yeye aliwajua kwa majina.

Baadaye alipanda cheo akawa dereva, na ndipo akajifunza kwamba trela hazifanani. Siku moja, kwenye kibaraza cha nyumba yake, alinichorea mchangani kwa kijiti.

Ya kwanza ni trela ya ekseli moja. Ina kiungo kimoja tu, pini yenyewe. Mbele inatii. Kurudi nyuma ndiko mtihani, kwa sababu lazima uzungushe usukani kinyume: unataka mkia uende kulia, unazungusha kushoto. Akanipa siri ambayo madereva wote wanaijua ila wanafunzi hawaambiwi mapema: shika usukani chini, si juu. Mkono ukiwa chini, upeleke upande unaotaka mkia uende, na kichwa chako hakitachanganyikiwa.

"Sasa fupi na ndefu," akasema. "Trela fupi ina hasira. Ndefu ina kinyongo." Nikamuuliza maana yake. Fupi, ukirudi nyuma, kosa dogo tu linaikunja papo hapo kama kiwiko, na ikishakunjana huna la kufanya ila kwenda mbele uinyooshe uanze upya. Ndefu haikasiriki haraka. Inakwenda polepole, unaona kama mambo ni shwari, kumbe inaliweka kosa lako hadi mwisho wa kona, na ikifika hapo inalipiza ukutani.

Ya pili ni trela ya ekseli mbili zilizobanana. Hii inakwenda imara barabarani, haiyumbi ovyo. Lakini kwenye kona kali matairi hayakubaliani. Kila ekseli inataka kuzunguka mahali pake, kwa hiyo matairi yanaburutwa kwa ubavu, yanalia kwenye lami, na kwenye mchanga yanachimba. Tairi la trela hiyo likipasuka, mara nyingi kona ndizo zilizolichosha.

Ya tatu ndiyo iliyomtoa jasho: trela yenye mkono wa chuma na ekseli ya mbele inayogeuka. Hiyo ina viungo viwili. Kwenda mbele inafuata vizuri kuliko zote. Kurudi nyuma, ukiwa na kiungo kimoja unazungusha kinyume, ukiwa na viwili unazungusha kinyume cha kinyume. Vijana walidhani kinyume cha kinyume ni sawa na kawaida, kwa hiyo ni rahisi. "Wakaishia mtaroni," Mjomba akasema. Kwa trela mbili nyuma ya trekta, yeye hakurudi nyuma kabisa. Alizunguka shamba zima ili asirudi hata hatua kumi. Mwenda pole hajikwai.

Na katika zote tatu, alisisitiza, hakukata kona kali bila mtu chini. Hiyo haikuwa sheria iliyoandikwa. Ilikuwa adabu ya kazi.

Mwaka 1988 kiwanda cha Ramisi kikafa. Miwa ilirudi Msambweni baada ya ardhi ile kukodishwa kwa kampuni ya KISCOL mwaka 2007, na mizozo ya ardhi ikaja nayo, lakini hiyo ilikuwa miaka mingi mbele. Mjomba alikuwa na familia ya kulisha 1988. Alirudi huku Tiwi na Diani, kulikokuwa na kazi nyingine: watalii.

Hapa ndipo karavani zenyewe zinapoingia kwenye hadithi, zile nyumba za kuvutwa. Pwani ya kusini ilikuwa kituo cha mwisho cha wengi waliovuka Afrika kwa magari. Walitoka Ulaya wakapita Sahara, au walipanda kutoka kusini, na wakifika Bahari Hindi walitaka kulala tu. Twiga Lodge ya Tiwi ilijulikana na watu wa namna hiyo kutoka kila pembe ya dunia. Wengine walikuja na malori yaliyogeuzwa kuwa mabasi, wengine na Land Rover zenye hema juu, wengine wakivuta trela za hema au karavani.

Walikuwa wametanguliwa na msafara mkubwa zaidi. Mwaka 1959, Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza karavani 41 za alumini zinazong'aa kama sufuria mpya, zikiwa na watu 106, kutoka Cape Town kwenda Cairo. Walipita Afrika ya kati na Kenya, wakaingia Ethiopia, na mwaka 1960 wakapiga picha wamezipanga karibu na piramidi. Njia kati ya Kenya na Addis Ababa ndiyo iliyowatesa kuliko zote. Karavani yenye upana wa barabara nzima, kwenye njia ya mawe na matope, na bonde upande mmoja! Kila hadithi ya safari hiyo imejaa kukwama, kuvutwa na kusukumwa. Hesabu ya wageni imebaki kwenye vitabu: 106. Hesabu ya watu waliosukuma haijawahi kuwa sehemu ya hadithi. Ni yule toto wetu tena, amekua, bado hana jina.

Mjomba alipata kazi ya uaskari kwenye kambi moja ya Tiwi. Siku ya pili kazini, familia ya Wazungu ilifika na karavani. Njia ya kushukia ufukweni ilikuwa ya vumbi na matumbawe, nyembamba, na mwisho wake kulikuwa na kona kali kati ya mnazi na ukuta. Baba aliendesha, mama alitembea nyuma akielekeza, wakapigiana kelele mpaka watoto wakalia. Mjomba alitazama robo saa nzima. Kisha akaweka rungu chini, akaenda upande wa ndani wa kona, akainua mkono.

Karavani, akagundua, ina hila ambayo trela ya miwa haikuwa nayo. Ekseli yake iko karibu na katikati, kwa hiyo kuna mwili mrefu unaobaki nyuma ya magurudumu. Gari likikata kushoto, magurudumu yanakula ndani kushoto, lakini ule mwili wa nyuma unatupwa nje, kulia. Sehemu mbili zinaumia kwa wakati mmoja, na haziko upande mmoja. Kadiri mwili huo wa nyuma unavyokuwa mrefu, ndivyo unavyofagia nje. Kwa hiyo mtu wa nyuma wa karavani hawezi kusimama mahali pamoja. Anaangalia mnazi, anakimbia, anaangalia ukuta. Trela ya hema inayokunjwa, kwa upande mwingine, ni fupi na chini: dere anaona juu yake vizuri, lakini ina ile hasira ya trela fupi. Ukiizidi haraka huwezi hata kuinyoosha, na wengi waliifungua tu wakaisukuma kwa mikono.

"Wazungu walinipa soda," Mjomba aliniambia. "Wengine walinipa fulana." Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo, kwa sababu kwenye karatasi yeye alikuwa askari wa usiku. Lakini neno lilienea miongoni mwa wasafiri kwamba pale kuna mzee ukimwona amefunga mkono, simama, hata kama kioo chako kinakwambia bado kuna nafasi.

Miaka ya karibuni mikia imerefuka tena. Kuanzia 2014 hadi mwisho wa 2024, malori yalibeba madini ya titanium kutoka machimbo ya Base Titanium, Maumba na Nguluku, hadi Likoni kupakiwa melini. Kabla ya Dongo Kundu, kila kilichotoka kisiwani kuja kwetu kilipita feri, na watu wa pwani tunajua bei ya ile njia panda ya kuingilia chomboni. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likatumbukia kutoka feri ya MV Harambee, na mama na mtoto wake wakafa maji. Lilikuwa gari dogo, halikuwa na trela. Lakini tangu siku hiyo sioni lori likipanda feri bila kuangalia nyuma yake, kama kuna mtu.

Kufikia 2024 magari yalikuwa yakipita Dongo Kundu moja kwa moja, kutoka upande wa bandari hadi Kibundani, na kushuka kusini bila kuona feri. Ni jambo zuri. Mgonjwa wa Ukunda hafii tena kwenye foleni ya Likoni. Lakini barabara mpya zilichorwa na watu waliojua urefu wa trela. Kona za ndani ya miji yetu hazikuchorwa hivyo. Zilizaliwa wakati kitu kirefu zaidi kilikuwa basi. Kontena ya futi 40 peke yake ina mita 12, bado hujaweka kichwa. Daraja limeileta kwa urahisi hadi mlangoni kwetu, na mlango ni uleule.

Zamani, lori refu lilikuwa na watu wawili: dere na utingo, au taniboi kama wanavyoitwa barabarani. Utingo alifunga turubai, alilala juu ya mzigo, alilipwa kidogo kuliko wote, na kwenye kona alishuka. Siku hizi nahesabu malori pale Ukunda, na mengi yana mtu mmoja. Wenye magari wanasema kuna vioo, kuna kamera, mafuta yamepanda, mshahara wa pili wa nini? Nawaelewa. Lakini kamera ya nyuma huonyesha kilicho nyuma. Mamangu mdogo hakuwa nyuma. Alikuwa ubavuni, upande wa ndani, pale ambapo kwa karne nzima mtu mmoja alisimama akiwa ameinua mkono.

Hilo ndilo nililolipata kwenye historia hii yote. Kukata kona na kitu kirefu hakujawahi kuwa kazi ya mtu mmoja. Sikuzote tulikuwa wawili: mmoja mwenye usukani na jina, mwingine kwa miguu na bila jina. Tunapopunguza gharama, huanza kuondoka yule wa pili, kwa sababu malipo yake ni madogo na kazi yake haionekani. Lakini kazi haiondoki naye. Inamwangukia yeyote aliyesimama kwenye kona.

Wiki moja baada ya ajali, Mjomba alikuja Ukunda na kijiti chake. Alisimama pale asubuhi nzima, akitazama matairi ya nyuma tu, si vichwa. Kisha akachora mstari kwenye vumbi, kutoka kwenye nguzo ya umeme hadi karibu na duka la simu.

"Dada, meza isivuke hapa," akasema.

"Nikirudi huko, wateja hawanioni."

"Wakuone wa nini, na wewe ni mzima? Watasikia harufu."

Alirudisha meza. Ilikuwa hatua tano. Wiki ya kwanza mauzo yalishuka, ya pili yakarudi, kwa sababu Mjomba alikuwa amesema kweli kuhusu harufu. Lakini kuna jambo ambalo yeye hakulipanga. Kutoka mahali papya, mamangu mdogo anaiona kona yote. Trela ikitoka Likoni ikiwasha taa ya kushoto, hushusha moto, hufuta mikono kwenye kanga, na husogea hadi mwisho wa mstari. Watoto wa shule huwarudisha nyuma kwa sauti ya mtu ambaye hatanii. Halafu huinua mkono.

Baadhi ya madere wanamjua sasa. Hupiga honi mara mbili wakishapita. Mmoja husimama mbele kidogo, karibu na kituo cha mafuta, akarudi kwa miguu kununua mahamri ya shilingi 100, na hataki chenji. Mamangu mdogo humrudishia chenji hata hivyo.

"Mimi nauza mahamri," anasema. "Hiyo kazi nyingine, mwambie tajiri wako atafute mtu."